Kitambaa cha Moto Hakiozeshi Mfupa

Ndanu,

Usidhani hii ni barua ya kukutakia safari njema. Safari njema utatakiwa na watu wa kanisa, na wapangaji wa ploti nzima, na yule mama mboga wa hapo chini ambaye tangu asubuhi anakuita daktari wetu kana kwamba kozi ya maabara umeshaimaliza. Mimi nina hasira. Nina hasira nawe, nina hasira na marehemu susu yako, mama yangu mzazi, na hasira iliyo kubwa kuliko zote ninayo juu yangu mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini nikashika kalamu.

Niko dukani. Mlango wa chuma nimeushusha nusu, na watu wanainama kuchungulia. "Daki, uko?" Siwajibu. Wewe umeenda mtaa wa Baba Dogo kumuaga rafiki yako, na mama yako yuko nyumbani anakupangia begi. Barua hii nitaisukuma ndani ya kiatu chako cha kulia, kile chenye soli mbili, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho huwezi kuondoka nyumba hii bila kukivaa.

Sitakuambia ule nini huko Eldoret wala ulale saa ngapi. Una akili zako. Isitoshe, kwa wiki mbili sasa hatujasemeshana, tunapishana mlangoni kama wapangaji waliogombania kamba ya nguo. Ningeanza leo kukufundisha kukunja blanketi, ungenicheka, na ungekuwa na haki.

Nianze na siku ile, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Alikuja yule mama mwenye leso ya njano, amebeba mtoto wa miaka mitatu hivi, goti la mtoto limefura hadi ngozi inang'aa. "Daki, huyu mtoi hajalala siku mbili. Nifanyie ile mchanganyiko." Nikachukua bahasha ya karatasi. Nikaweka vidonge vya maumivu, nikaweka kapsuli chache, kisha nikainama kwenye rafu ya chini nikafungua ule mkebe. Wewe ulikuwa unafagia. Ukaacha ufagio.

"Babaa, hiyo ya mwisho usimpee."

Nikajifanya sijasikia.

"Hiyo inashusha tu uvimbe. Wadudu wanabaki ndani. Huyu mtoto apelekwe hospitali."

Foleni yote ikageuka. Nikakwambia urudi kwa ufagio wako. Ndipo ukasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi: "Wewe si daktari. Hata hiyo cheti kwa ukuta si yako."

Yote mawili ni kweli, na hicho ndicho kilichoniuma. Mtu akikutukana kwa uongo unacheka. Akikutukana kwa ukweli unatafuta jiwe, na mimi jiwe nilikuwa nalo mfukoni miaka kumi na moja. Nikakupigia kelele mbele ya watu wote: "Toka kwa duka yangu! Mguu wako mama yako aliukanda ukaoza, usiniletee mimi kesi!"

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai ya saa nne. Hukumwona, ulikuwa umempa mgongo. Aliiweka chupa juu ya kaunta, akafuta mahali chai ilipomwagikia kwa ncha ya leso yake, akaondoka. Nawe ukatoka ukichechemea. Na mimi, Ndanu, nikaikunja ile bahasha, nikampa yule mama, nikauliza, "Nani anafuata?"

Sasa nikwambie jinsi nilivyokuwa Daktari. Unajua sehemu tu. Unajua nilikuwa karani wa stoo ya dawa mjini, napokea makatoni na kuyapanga. Majina ya dawa niliyajulia kwenye makatoni, kama vile kondakta anavyojua majina ya mitaa asiyowahi kulala. Stoo ilipotupunguza, nikapata chumba hiki hapa mtaa wa Huruma, nikapata mtu mwenye cheti akaniazima cheti chake nikitundike ukutani, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga hapa zaidi ya mara mbili. Wiki ya kwanza nilimwambia kila mteja, "Mimi si daktari." Wiki ya pili nikaacha kusema. Kufikia mwezi wa tatu, mtu akiniita Musyoka nilikuwa nageuka nione anamwita nani.

Na kilichonifanya Daktari hasa ni kale kadonge kadogo keupe ka kwenye mkebe. Wateja hawakukajua kwa jina, walikajua kwa ukubwa. "Ongeza ile kadogo, daki, ile huamsha mtu." Dawa yenyewe haina kosa. Hospitalini ina kazi yake, kwa watu wa pumu na wengine, na anayeitoa anajua anazima nini na kwa muda gani. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba uvimbe unashuka, mgonjwa anasifu, na kesho analeta jirani. Nikaitia kwenye kila bahasha. Jino, koo, goti, mgongo, wote walipata kadogo.

Ulikuwa na miaka minane. Mlikuwa mnacheza kati nyuma ya ploti, ukaruka kukwepa mpira, ukaangukia bati la watu wa ujenzi. Likakuchana muundi. Halikuwa jeraha la kutisha. Mama yako aliliosha kwa maji ya chumvi, akalifunga, ukarudi kucheza. Siku ya tatu mguu ukafura, ukawa moto, mtoki ukakutoka kwenye kinena, na homa ikapanda ukaanza kuweweseka.

Mama yako akasema twende hospitali.

"Hospitali ya nini," nikamwuliza, "na mimi niko hapa?"

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Nikakupa kadogo, asubuhi na jioni, pamoja na kapsuli ambazo hata sikuzimaliza, maana uvimbe ulishuka na nikaona hazina kazi tena. Siku ya pili tu homa ikaondoka. Ukaomba chapati. Na mimi nikakuleta hapa dukani, nikakusimamisha juu ya stuli, mbele ya kaunta hii ninayoandikia, nikawaambia wateja: "Mnamwona huyu? Juzi hakuweza kukanyaga." Wakapiga makofi. Wewe ukacheka ukaficha uso. Siku hiyo mkebe uliisha kabla ya jioni.

Mama yako peke yake ndiye hakupiga makofi. Mtoki ulikuwa bado unakuuma, na kila jioni alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakukanda. Hakuwa na cheti cha kuazima wala mkebe. Alikuwa na kitambaa. Susu yako, aliyekuwa amekuja kutoka Machakos kutusalimia, alikaa kwenye kochi akimtazama kwa yale macho yake, yaliyokuwa yakimtafutia makosa tangu siku nilipomwoa.

Siku ya tisa ulianguka ukienda chooni na hukuinuka. Nilikubeba mwenyewe hadi barabarani. Ulikuwa mwepesi, na mguu ule ulikuwa mzito, sijui kama nafikiria tu.

Huko hospitali alikuja daktari wa kweli, msichana mdogo mwenye miwani. Akauliza, "Amekuwa akimeza dawa gani?"

"Za maumivu tu."

Akanitazama. "Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Kwa sababu ya neno hilo, walizunguka siku mbili nzima wakijiuliza ni ugonjwa gani huu unaokula mfupa ndani na nje hausemi kitu. Siku mbili, Ndanu. Mfupa uliokatwa ukatupwa walipokupasua, sehemu yake iliozea katika siku hizo mbili, nikiwa nimesimama pale na jibu mdomoni.

Tukiwa kwenye korido, susu yako akaanza: "Ni kukanda. Nilimwona kwa macho yangu. Amesukuma uchafu ukaingia mfupani." Shangazi zako wakageuka wakamwangalia mama yako. Mama yako akaniangalia mimi. Alijua. Ni yeye aliyekuwa anakumezesha vile vidonge nilivyompa, na hakuna mtu aliyehitaji kumchorea. Nikamvuta kando karibu na ngazi, nikamwambia, "Nyamaza kwanza. Wakijua, duka litafungwa, na huyu mtoto atauguzwa na nani?"

Akanyamaza. Hiyo "kwanza" sasa ina miaka kumi na moja.

Siku ya kuruhusiwa, yule daktari wa miwani alinikuta peke yangu nikikunja shuka zako. Akasema polepole, "Mzee, kitambaa cha moto hakiozeshi mfupa." Akangoja. Nikamshukuru kwa huduma nikaendelea kukunja. Nilimchukia yule msichana miaka mingi, nikisema moyoni kwamba ana kiburi cha shule. Sasa naona alikuwa amenifungulia mlango nami nikaupiga teke.

Basi hadithi ya familia ikawa ni hiyo. Kila mtu aliyekuja kukuona alipewa chai na hadithi: mama yake alimkanda, uchafu ukapanda. Wewe uliipata kwa susu yako ukiwa na miaka tisa, na ukaishika. Nawe si malaika, nitakwambia bila kuogopa. Ulipofika darasa la saba ulimkataza mama yako asije siku ya wazazi. Baridi ikija na mguu ukianza kukuuma, unafunga mlango wa chumba kwa komeo, naye anabaki nje ameshika maji ya moto hadi yapoe. "Usiniguse." Nimelisikia neno hilo likisemwa kwa mama yako mara nyingi kuliko salamu. Na ukiwa na miaka kumi na minne, mezani, ulimwambia, "Wewe ndio ulinifanya hivi." Nilikuwa natafuna chapati. Nikaendelea kutafuna.

Majirani walikuwa wakisema nyumba ya Daktari haina kelele. Walikuwa wanatusifu.

Likizo ya Aprili mwaka jana ulikuwa unasomea mtihani hapa hapa, juu ya stuli ile ile. Sijui kama unakumbuka. Duka lilikuwa tupu, mvua inanyesha, ukasema, "Babaa, skia hii." Nikakuambia niko na kazi. Ukaendelea, maana ukishaanza huna breki.

"Kuna seli zinakaa tu kwa ngozi, hazitembei, zinangoja. Bakteria akiingia, hiyo seli haimjui kwa jina. Inamjua kwa ile koti amevaa. Ukuta wake uko na vitu mwili yetu haiwezi tengeneza. Seli ikigusa hiyo kitu tu, inajua huyu si wa hapa. Halafu inapiga nduru."

"Inapigaje nduru na haina mdomo?"

"Inamwaga kemikali, Babaa! Mishipa ya damu ya hapo karibu inasikia, inafunguka, inavuja. Ndio maana mahali panafura na kuwa moto. Zile seli nyeupe zilikuwa zinapita kwa damu zikienda shughuli zao zinashika ukuta wa mshipa, zinajipenyeza, zinafuata hiyo kemikali kama harufu mpaka kwa bakteria. Zinammeza. Nyingi zinakufa hapo hapo. Usaha ni maiti zao."

Nikaacha nilichokuwa nafanya. Jambo hilo silihitaji kitabu kulielewa, nimeishi Huruma. Mtu mmoja akipiga nduru "Mwizi!" kwenye ploti, milango yote inafunguka. Mwenye ufagio anatoka na ufagio, aliyekuwa anaoga anatoka na povu kichwani, na njia nyembamba inajaa hadi hupiti. Ukiangalia kutoka nje unasema hawa watu wamerukwa na akili, wanaharibu, wanakanyaga mboga za watu. Lakini mwizi yumo ndani, na hiyo fujo ndiyo dawa yenyewe. Kelele zikiisha kwa sababu ameshikwa, ni heri. Zikiisha kwa sababu mtu amemziba mdomo yule aliyepiga nduru, mwizi ana usiku mzima.

Ukanionyesha na mtoki. Ukasema kuna seli zinazorarua kipande cha lile koti na kukimbia nacho hadi kwenye mtoki, na huko zinakipitisha kwa wengine, nani anamjua huyu, nani anamjua, mpaka apatikane mmoja anayelingana nacho. Huyo ndiye anayezaana maelfu. "Ndio mtoki hufura, Babaa. Ni kazi inaendelea huko." Nikawaza kile kinena chako cha miaka minane, na mama yako na kitambaa chake, jasho likinitoka kwenye mvua.

Nikakuuliza, bila kukuangalia, "Na mtu akiinyamazisha ile seli ya kwanza? Asipige nduru?"

Ukacheka. "Nani anaweza kuwa mjinga hivyo?"

Nikasema kuna mteja, ingawa hapakuwa na mteja.

Pengine unangoja niseme kwamba siku hiyo nilitupa mkebe. Sikuutupa. Niliushusha kutoka rafu ya juu nikauweka rafu ya chini. Ndiyo toba niliyoiweza. Nikauza mwaka mwingine mzima, nikijua sasa ninachouza, hadi siku ya yule mama wa leso ya njano. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi niliumbuliwa na binti yangu mwenyewe akiwa na ufagio.

Lile goti la mtoto lilinikalia kichwani. Jumatano iliyopita, nikiwa nimemuaga mama yako kwamba naenda kununua dawa, nilianza kuuliza ploti kwa ploti, kuelekea upande wa Mathare. Niliulizia mama wa leso ya njano kama mwendawazimu, ni wangapi wenye leso ya njano? Mwishowe mchoma mahindi mmoja akanielekeza orofa ya nne. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimejiandaa kukuta msiba. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kujitetea.

Akafungua mlango. Akanitambua.

"Wewe ndio yule daki wa bahasha?"

Nikasema ni mimi. Nikauliza mtoto.

"Mtoto yuko. Hujui kilichofanyika?" Akaegemea mlango, hakunikaribisha. "Msichana mwenye anachechemea alinifuata mpaka kwa stage ya matatu. Akanipokonya hiyo bahasha yako, akaitupa kwa mtaro. Nilitaka kumzaba kofi. Akachukua mtoto akambeba yeye, na huo mguu wake, mpaka hospitali, mimi nikimfuata nikimtukana. Akangoja na sisi hapo benchi mpaka jioni. Walisema tungekawia kidogo, goti ingeharibika."

Mtoto akatokea nyuma yake, bandeji gotini, mandazi mkononi. Akanitazama kama unavyotazama mtu wa kuuza sabuni.

"Mwambie yule msichana asante," mama yake akasema. "Wewe sina neno na wewe." Akafunga.

Nilikaa kwenye ngazi za watu nikalia. Watoto wawili waliokuwa wanateremka walinipita wakibanana ukutani. Siku ile ya foleni ulirudi nyumbani saa moja usiku, na mimi nikamwambia mama yako, "Anazurura tu, kiburi kinamtembeza." Hukusema ulikokuwa. Ulipita ukafunga mlango wako. Ulikuwa umemwokoa mtoto wa watu kutoka mkononi mwangu na hukutaka hata kunitangazia, na mimi naandika haya nikiwa najivunia wewe na kujionea haya kwa pamoja, sijui kimoja kinaishia wapi.

Kuna jambo jingine ulilolisoma siku ile ya mvua ambalo sikulisahau. Ulisema mara nyingine hizi seli hukosea, zikauona mwili wenyewe kuwa adui, zikaanza kula viungo vya mwenyewe. Nikakumbuka jinsi mambo yanavyokwenda huku kwetu. Nduru ikipigwa, umati haumuulizi mtu kitambulisho. Mmoja akinyoosha kidole, imetosha. Susu yako alinyoosha kidole koridoni, wote wakageuka, nawe ukakua ukarithi rungu lao. Na mwizi alikuwa wapi? Mwizi alikuwa amesimama katikati ya umati akipiga nduru pamoja nao. Na wiki mbili zilizopita, duka likiwa limejaa, nikapiga tena. Kikulacho ki nguoni mwako, Ndanu, na miaka yote hii umekuwa ukikung'uta nguo ya mtu mwingine.

Basi hili hapa ndilo koti la mwizi huyo. Mimi ndiye niliyekataa hospitali. Mimi ndiye niliyekupa kale kadogo. Mimi ndiye niliyemdanganya daktari. Mimi ndiye niliyemwambia mama yako anyamaze. Mama yako hakufanya kosa lolote isipokuwa kunitii, na hilo nalo nililitia nguvu kwa kumtisha na njaa. Ligeuze, liguse pande zote, ulijue. Una hasira nzuri, niliiona kwenye foleni ile na nikaisikia kwa yule mama orofa ya nne. Ilikuwa imepewa mtu asiyestahili tu.

Sikuombi msamaha. Ukinisamehe haraka nitajua umenipa kadogo. Nichukie kwa muda wake, upandwe na homa ikibidi, na kama itafika siku ishuke, ishuke yenyewe. Huko maabara watakuwekea usaha wa watu chini ya hadubini, na wenzako watakunja pua. Wewe angalia. Ni wao waliotoka na ufagio na povu kichwani.

Cheti nimekishusha ukutani. Kimeacha mraba mweupe pale, unaonekana hata kwa taa hii moja. Nimekifunga kwenye gazeti, kesho kitarudi kwa mwenyewe. Mkebe uko hapa mbele yangu, na utaondoka hapa pia, mahali ambapo hata mimi sitaweza kuufuata. Kama nitafungua duka Jumatatu, na kama nikifungua nitauza nini, sijui. Nimekuwa Daktari miaka mingi, na sikumbuki nilivyokuwa nikitembea barabarani kabla ya hapo. Sitakuahidi kitu kwenye karatasi nije nikivunje. Mama yako nimemwambia leo mchana kwamba nitakuandikia na nitakachoandika. Alikuwa anakunja shuka. Alikaa chini kitandani akauliza, "Utamwambia yote?" Nikasema yote. Akasema, "Hata ya ngazi za hospitali?" Nikasema hata ya ngazi. Akaifungua shuka aliyokwisha kukunja, akaikunja tena.

Kesho sitakusindikiza. Nitaamka mapema nitoke, mpate nyumba peke yenu. Mama yako atakuchemshia maji saa kumi na moja kama kawaida yake. Baridi hii ya Agosti imeshakuanza, nilikuona jana ukiushika mguu kwenye ngazi ukidhani hakuna mtu, na najua utataka kufunga komeo.

Usifunge. Chini kabisa ya begi lako, chini ya shuka, mahali alipojua hutapaona hadi ufike mbali naye, ameweka kitambaa. Ni kile kile, cha bluu, chenye ncha iliyochanika. Hajakitumia tangu siku ile ulipoanguka na hakuwahi kukitupa. Kabla hujavaa kiatu hiki ulichokitia mkono, kitoe begini, umpelekee jikoni. Kisha rudi ukae kitandani, unyooshe mguu, umngoje.

Baba yako,
Musyoka. Si daktari.